Mtambo wa Heimo Ulivyoamka Vibaya

Heimo Räsälä hakuruhusu mtu kuongea naye habari za mtambo kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha kahawa. Hata kengele ya moto, alisema, ingoje.

Mimi nilikuwa msomaji wa hali ya hewa katika redio yetu ndogo ya Pielisranta, ukingoni mwa ziwa Pielinen huku Finlandi, na yeye alikuwa fundi wetu. Alianzia kwenye kiwanda cha mbao, akihudumia umeme wa misumeno. Kiwanda kilipofungwa alikuja kwetu kutengeneza swichi moja ya taa, na hakuondoka tena. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa ubishi zaidi kuliko kwa vitabu. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo, na akitembea ukumbini soksi zake za sufu zilionekana juu ya viatu, kila mguu rangi yake.

Vipindi vyetu vingi vilirushwa na mtambo mmoja wa kompyuta uliokaa kwenye chumba cha nyuma, karibu na ghala la kuni. Ndani yake mlikuwa na muziki wetu, salamu, matangazo ya misiba, na ratiba ya gari la maktaba. Kwetu umeme hukatika kila theluji inapolemea miti ikaangukia nyaya, kwa hiyo mtambo ulipaswa kujiwasha wenyewe na kujua nini kinatangulia nini. Kwanza uiamshe diski ya rekodi. Halafu urekebishe saa, ushike mtandao, uinue programu ya kucheza rekodi, na mwisho kabisa ufungue njia ya kwenda kwenye mnara wa matangazo. Heimo alikuwa ameandika amri za kila hatua katika faili lake, na kila faili akalipa namba ili mtambo uyasome kwa zamu. Aliyapenda mafaili yale kama mtu anavyopenda kuku wake. Alijua lipi lina kelele na lipi halina akili.

Mkewe, Taimi, alikuwa mtangazaji wetu wa asubuhi. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye kicheko kilichojificha chini, na watu wa mashamba ya mbali walikuwa wakisema hawatoi ng'ombe zizini mpaka Taimi aseme. Alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wiki ileile ya mazishi Heimo alirudi kazini, akapiga magoti chini ya meza ya studio na kuanza kukagua waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Nilimwekea kahawa sakafuni, karibu na mkono wake, nikaenda zangu.

Alipokaribia kustaafu, redio ilimwajiri Jonna Kettukangas kutoka mji wa Oulu ili apokezwe kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa maneno, na siku ya kwanza tu alifungua mafaili ya Heimo akashika kiuno.

"Mzee Heimo, hizi namba zote za nini? Tuko kwenye foleni ya posta?"

"Foleni ina heshima yake, binti. Kila mtu anajua nani yuko mbele yake."

"Na wa mbele akisinzia, wote nyuma wanakwama. Siku hizi kila huduma, yaani kila kazi ya mtambo, inasema yenyewe inamhitaji nani. Zisizohitajiana zinaamka pamoja. Mtambo unawaka kufumba na kufumbua."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Oulu? Huko kuna nini zaidi ya upepo?"

"Kuna watu wanaojua kutumia kompyuta."

Heimo alicheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda. Walibishana hivyo vuli nzima. Ungewasikia kutoka ukumbini ungedhani wanagombania shamba la urithi, kumbe wanabishana kama saa irekebishwe kabla ya mtandao au baada yake. Mwishowe mzee alikubali.

"Haya, badilisha. Lakini ukiharibu, utakula soksi zangu."

"Zile za kijani au za kahawia?"

"Moja moja."

Jonna alifanya kazi kwa uangalifu, huduma moja baada ya nyingine. Katika amri za programu ya kucheza rekodi alikuta mstari mmoja ulioagiza mtambo usimame tu, usubiri kitambo, ndipo uendelee. Hapakuwa na maelezo yoyote.

"Hebu ona hii," aliniambia. "Mtambo mzima unakaa unaangalia dari. Kwa faida ya nani?"

Akaufuta. Akauzima mtambo, akauwasha tena; ukaamka vizuri, haraka kuliko zamani. Akarudia tena na tena, bila kasoro. Heimo mwenyewe alitikisa kichwa akasema, "Si mbaya," na kwa watu wa kwetu hiyo ni sifa ya kutundikwa ukutani.

Ikaja asubuhi moja ya Februari. Heimo alikuwa likizoni, akivua samaki, ameketi juu ya barafu ya ziwa na ndoano yake kwenye shimo alilolitoboa, redio ndogo mfukoni. Usiku kucha theluji ilikuwa imeanguka nzito, na alfajiri umeme ukakatika mji mzima. Ulikaa sana bila kurudi. Mimi na Jonna tuliingia kazini gizani tukiwa na tochi, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Taa ziliporudi, tulisikia mtambo ukianza kuvuma chumba cha nyuma, na Jonna akapiga makofi.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Hesabu tu, sasa hivi tuko hewani."

Kweli tulikuwa hewani. Kwenye spika ya ukumbi ilitoka sauti ya mwanamke.

"Jaribio, jaribio. Heimo, nasikika? Mbona umekunja uso hivyo? Haya, cheka basi. Viazi viko jikoni, na usichelewe tena ukasema ni mtambo." Kikafuata kicheko kirefu. Halafu kimya kidogo. Halafu, "Jaribio, jaribio. Heimo, nasikika?"

Jonna alinikazia macho.

"Nani huyu?"

"Taimi," nikasema.

"Taimi wa Heimo? Aliye..." Hakumaliza. Alikwenda mbio chumba cha nyuma, nami nyuma yake. Akaangalia kioo cha kompyuta, akashika kichwa. "Diski ya rekodi imechelewa kuamka. Programu imefika kabla yake, imekuta kabati tupu, ikaenda kwenye akiba ya dharura. Na kwenye akiba hakuna kitu isipokuwa hii."

Simu ikaanza kulia. Niliinua nikidhani ni malalamiko. Alikuwa Hilja Turpeinen, bibi wa ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akitupigia kila akisikia neno la Kifinlandi lililotamkwa vibaya.

"Nani amemrudisha Taimi?"

"Tusamehe sana, bibi, ni hitilafu ya..."

"Mimi sikuuliza hitilafu. Nimeuliza nani, nimshukuru. Na msizime mpaka nimalize kahawa yangu."

Akakata. Simu ikalia tena, na tena. Mwenye duka la mbegu. Dereva wa gari la kusafisha theluji, aliyesimamisha gari lake katikati ya barabara. Mwanamume mmoja alilia tu kidogo, akaaga. Jonna alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono wake karibu na kitufe cha kuzima lakini haukigusi.

"Nizime?" akaniuliza. "Nikizima ni vibaya. Nisipozima ni vibaya. Nimefanya nini mimi?"

Mlango wa nje ukafunguka. Heimo aliingia bila kofia, ndevu zake zimeganda, mkono mmoja una glavu na mwingine hauna. Alikuwa ametoka ziwani mbio, kama mbio ni neno la kutumia kwa mtu wa umri ule juu ya barafu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Heimo, ni mimi," Jonna akasema haraka, akisimama. "Niliufuta ule mstari wa kusubiri. Sikujua. Naomba..."

"Nyamaza kidogo, binti. Mke wangu anaongea."

Taimi akauliza kama anasikika. Heimo aliitikia kwa kichwa. Taimi aliposema, "Haya, cheka basi," yule mzee akacheka kweli, kicheko chenye machozi, akijifuta kwa glavu iliyojaa magamba ya samaki. Alisikiliza mpaka mwisho wa kicheko cha mkewe, akaiacha rekodi irudi mara moja tena, kisha akainama mwenyewe juu ya kompyuta.

"Imetosha," akasema. "Watu wanataka kujua kama barafu ya ziwa inabeba gari."

Akaizima rekodi. Nikakimbilia kipaza sauti nikasoma hali ya hewa, na sijui hata nilisoma nini.

Niliporudi walikuwa wamekaa mbele ya mtambo na vikombe mkononi. Jonna bado alikuwa amepauka usoni, lakini ulimi ulikuwa umeanza kurudi.

"Diski ile ikipoa kabisa huwa nzito kuzinduka," Heimo alikuwa akieleza. "Wewe ulipojaribu, ilikuwa ingali na joto. Ndiyo maana niliweka ule mstari."

"Sasa kwa nini hukuandika sababu?"

"Nilikuwa naijua."

"Wewe! Na mimi je? Na atakayekuja baada yangu?"

Heimo alizungusha kikombe chake. "Hilo ni kweli," akasema. "Hapo nimekosa."

"Na hata mstari wako haukuwa dawa, nisamehe. Ulikuwa unakisia. Diski ikizidi kuzeeka ingepitwa tu, hata ungesubiri vipi. Tuiambie programu isiinuke mpaka diski yenyewe iseme, niko tayari."

"Inaweza kuambiwa hivyo?"

"Mungu wangu, Heimo! Nimekupigia kelele za nini tangu vuli?"

"Nilidhani ni kelele tu," akasema mzee, na Jonna akampiga bega.

Waliandika lile sharti pamoja, Jonna akichapa, mzee akisoma kwa sauti. Halafu Heimo akataka lijaribiwe kwa haki. Walizima umeme wa chumba chote wakafungua dirisha, baridi ikaingia mpaka diski ikawa kama jiwe la mtoni, nasi tukangoja ukumbini tukila vipai vya kwetu vya wali, vilivyopakwa siagi iliyochanganywa na mayai. Walipowasha, kila huduma ilisimama pale ilipopaswa kusimama. Programu ya kucheza ilikaa kimya, haikwenda kwenye akiba, mpaka diski ikakohoa na kuamka. Ndipo wimbo wa zamani wa dansi ya tango ukalia kwenye spika, na Heimo akamshika Jonna mkono wakazunguka nao ukumbini, wakikanyagana.

Jioni nilitembea na Heimo kuelekea kwake. Nikamuuliza kama alijua rekodi ile iko mle.

"Niliiweka mwenyewe, zamani, kwa kukosa kitu kingine cha kujaribia. Alipofariki nilijua iko pale. Kuisikiliza sikuweza. Kuifuta sikuweza. Nikahakikisha tu kwamba mtambo haufiki huko." Alitembea kidogo. "Nilidhani siku nitakapomsikia nitaanguka. Leo nimemsikia katikati ya ziwa, na yule Urho, aliyekuwa akivua kwenye shimo la jirani, naye amemsikia, akavua kofia. Sikuanguka. Nimesahau tu vitu vyangu barafuni."

"Sasa utaifuta?"

"Jonna amenitolea nakala, niiweke nyumbani. Kwenye akiba tutaweka muziki, kama watu wenye akili."

Baada ya hapo wale wawili walikaa pamoja kila asubuhi mpaka barafu ikayeyuka, wakipitia huduma za mtambo moja baada ya nyingine. Heimo alisimulia kwa nini kila moja ipo, na Jonna aliandika sababu juu ya amri zake. Nyingine hazikuwa na sababu tena. Kulikuwa na moja iliyochapa karatasi kila mtambo ulipowaka, kumhakikishia meneja kwamba tuko hewani. Meneja mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Hispania, na karatasi zilikuwa zikiangukia ndoo ya kuni. Huduma ile waliizika kwa heshima zote, Heimo amevua kofia.

Alistaafu sikukuu ya katikati ya kiangazi. Lakini wasikilizaji, wakiongozwa na Hilja, walikuwa wameanza kudai wasikie na sauti ya mume wa Taimi. Alikataa katakata. Jonna akamwambia kwamba mwanamume aliyekimbia juu ya barafu bila kofia hawezi kuogopa kipaza sauti, na Jumamosi moja akamkalisha kwenye kiti na kumwekea matangazo madogo madogo mbele yake.

Alisoma vibaya sana. Alisoma kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mnada wa trekta, dansi kwenye ukumbi wa vijana, ndoo za matunda ya porini zinazouzwa kando ya barabara. Kisha akafika kwenye paka aliyepotea, mweusi, mwenye mkia mfupi, anayeitika jina la Waziri. Heimo aliweka karatasi chini.

"Mimi," akawaambia wasikilizaji, "nisingeitika."

Jonna aliangua kicheko katika chumba cha mitambo, upande wa pili wa kioo, na kwa kuwa alikuwa amesahau kufunga kipaza sauti chake, ziwa zima likamsikia. Heimo alimgeukia kupitia kioo, akangoja amalize, kisha akaendelea na habari za uyoga.