Siku Mdogo Wangu Alipotueleza Joto la Sayari

Nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kijiji huko milimani Mwese wakati mdogo wangu alipokuja likizo kutoka chuoni, anakosomea mambo ya nyota. Bodaboda ilimshusha mlangoni akiwa mwekundu kwa vumbi la kutoka Mpanda. Akanikuta nimemwelekezea mtoto kipimajoto kwenye paji la uso, bila kumgusa.

"Dada, hata sisi tunafanya hivyo hivyo," alisema. "Tunapima joto la sayari za nyota nyingine."

Nilidhani ananitania. Kesho yake jioni, tukiwa jikoni kwa mama, nikamuuliza wanapimaje kitu ambacho hata kwenye darubini hakionekani.

Alichukua kaa moja la moto kwa koleo, akaliweka kando ya jiko lililokolea. "Ukiwa mbali sana unaona moto mmoja tu, kwa hiyo unapima mwanga wa vyote kwa pamoja. Sasa angalia." Akalisogeza kaa nyuma ya jiko, likajificha. "Sayari ikipita nyuma ya nyota yake, mwanga unapungua kidogo mno. Kilichopungua ndicho cha sayari, na kadiri kilivyo kikubwa ndivyo sayari ilivyo na joto zaidi."

Mama aliacha kusonga ugali. "Na mmekuta nini?"

Akatuambia zipo sayari zenye joto la kuyeyusha chuma. Nyingine ni za mawe kama dunia yetu, ila upande mmoja umeelekea jua lake siku zote, na wa pili haujui mchana. Kuna moja ambayo upande wa jua unachoma kuliko mafuta ya kukaangia.

"Inaelekea haina hewa, mama. Hakuna kitu cha kupeleka joto ng'ambo ya pili. Na mwanga tunaoupima uliondoka huko kabla dada hajazaliwa."

Mwiko ulibaki umesimama mkononi mwa mama. "Kumbe," alisema polepole, "na sisi tumekaa tu hapa."

Nilishindwa kuendelea kukaa. Nikatoka nje, nikaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ulikuwa bado na joto la jua. Nikazunguka nyumba hadi upande wa kivuli. Ulikuwa wa baridi, lakini baridi ya kawaida tu, ya kuvaa sweta. Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unapita pande zote mbili za nyumba. Nikavuta pumzi ndefu, nikasimama pale hadi waliponiita kula.