Kapteni Leodgar na Mtumbwi wa Katonga

Kazi yangu katika uwanja wa ndege wa Kigoma ilikuwa kufukuza mbuzi kabla ndege haijatua. Ndivyo nilivyomfahamu Kapteni Leodgar. Miaka ile ya wakimbizi alileta dawa na wafanyakazi wa makambini mara mbili kwa wiki. Akishuka alinisalimia mimi kwanza: "Yona, mbuzi hawajambo?"

Alizaliwa Katonga, kando ya ziwa, katika ukoo wa wavuvi. Lakini alikuwa na siri aliyoniambia mimi peke yangu: akipanda mtumbwi, anatapika kabla hajafika mbali. "Angani natulia," alisema. "Ziwani natamani kufa."

Novemba mwaka 2006 alikuwa anatimiza miaka sitini, na kwa sheria rubani wa abiria akifika hapo anastaafu. Kaka yake Anatoli akamtengenezea mtumbwi wa mbao, akaupaka rangi ya bluu na kuandika ubavuni KAPTENI. Siku ya safari ya mwisho yeye na ndugu zao waliuleta uwanjani juu ya lori, kwa ngoma na vigelegele.

Kapteni alishuka kwenye ndege akicheka. Alipouona mtumbwi, kicheko kikakatika.

"Mdogo wangu, kesho alfajiri tunaingia ziwani!" Anatoli alimwambia.

Kapteni akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Nyuma yake akashuka Merina, rubani msaidizi, binti mwenye maneno mengi. "Haendi popote! Leo asubuhi Dar tumepewa waraka. Sheria imebadilika dunia nzima. Ataruka mpaka sitini na tano, mradi anayekaa naye mbele hajafika sitini. Kwa hiyo Mzee, bila mimi huruki!"

"Na mtumbwi?" Anatoli akauliza, sauti imeshuka.

Kapteni akavua kofia. "Kaka, nisamehe. Ziwa linanitapisha. Tangu utotoni."

Kisha Anatoli akaangua kicheko mpaka akashikilia lori. "Miaka yote hii! Sisi tulidhani unaringa! Mama alikuwa akisema, mwacheni, huyo ni mtu mkubwa!"

Wakambeba juujuu, wakamkalisha ndani ya mtumbwi palepale juu ya lori, Merina mbele yake, nami nikavutwa na kupewa kasia. Lori likaondoka. Kapteni akawa anapiga kasia hewani, ndugu zake wakiitikia kama wako ziwani kweli.

Tukapita mtaa wote wa Rusimbi hivyo, na hakutapika.