Nuhu Aliyejenga Safina Ufipa

Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, nimepanga chumba Majengo, Sumbawanga, kwa mama mmoja mjane aliyelima mahindi nje kidogo ya mji. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila baraza lilikuwa limegeuka duka, na aliyekosa baraza alitandika turubai chini akapanga mitumba, betri na sabuni kutoka Zambia. Vijana wa parokia waliniomba niwaandikie igizo la sikukuu ya kanisa, na walitaka la kuchekesha. Nikawaandikia la Nuhu.

Nuhu wangu alikuwa seremala wa Kifipa anayejenga safina mlimani, mbali na ziwa. Majirani wanadhani anajenga baa. Bwana afya anafika kuuliza choo kiko wapi. Fundi wa mitumbwi aliyeitwa kutoka Wampembe, ziwani, anaizunguka safina, anakuna kichwa, anauliza, "Na maji?" Kisha anatokea mfugaji wa Kisukuma na kundi zima la ng'ombe, anaambiwa wanaoingia ni wawili tu, dume na jike. "Ng'ombe wawili ni salamu, mzee," anajibu. "Haya, sasa tuongee." Mke wa Nuhu, ambaye kwenye Biblia hatamki hata neno, kwangu alisema kuliko wote. Ndiye aliyeuliza nani atazoa mavi ya tembo.

Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Padri aliyeturuhusu alicheka naye. Baada ya siku chache akahamishwa kituo, na mvua ikakataa kunyesha.

Kila mchana mawingu yalijikusanya juu ya milima ya Mbizi, tukanyanyua vichwa, halafu upepo ukayafagia. Waliopanda mapema waliona miche ikijikunja kama karatasi motoni. Mwanzoni ulikuwa utani: "Mwalimu, huyo Nuhu wako kaondoka na mvua yetu?" Nami nilicheka. Baadaye aliyeuliza hakucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Nikifika bombani maongezi yalikatika. Darasani nilimpa mtoto chaki aandike ubaoni, akaficha mikono nyuma.

Kwetu, kusema mtu amefunga mvua si maneno ya kupitisha muda. Nilijua watu waliohama usiku mmoja kwa maneno hayo hayo.

Jioni moja jiwe lilitua juu ya bati la chumba changu. Mama mwenye nyumba alitoka, akaliokota, akaniletea mlangoni.

"Mwanangu, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini nyumba hii ndiyo niliyoachiwa. Sitaki mawe."

Kisha ikaja taarifa kwamba Jumapili baada ya misa nifike ukumbini, baraza la parokia linanihitaji.

Baba yangu alikuwa katekista kijijini Mwazye. Sijui nani alimfikishia habari. Jumamosi alishuka kwenye lori la magunia, amevaa koti lake la kufundishia dini, vumbi limemgeuza nywele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Tulikula ugali wa ulezi na maharage. Niliogopa aulize habari za Nuhu, naye hakuuliza. Alipotaka kulala alisema neno moja tu: "Kesho vaa viatu vya kamba." Nilielewa, viatu vya kukimbilia, na usingizi ukapotea.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mtumishi mstaafu wa serikali aliyehamia kwetu kutoka Mbeya, mtu wa haki kwa kawaida, lakini siku ile alikuwa akiutazama umati kuliko alivyonitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "unalalamikiwa kumdhihaki Nuhu, mtumishi wa Mungu. Na kuna hili suala la mvua. Omba radhi mbele ya watu, tumalize."

Nilikuwa nimekwishaamua kuomba. Nilisimama. Kabla sijafungua kinywa, baba naye alisimama.

"Mwenyekiti, samahani. Anaomba radhi kwa maneno gani? Walioliona hilo igizo wanyooshe mikono."

Mikono ilikuwa michache. Mtu akapiga kelele nyuma: "Si lazima kuliona!"

"Ni lazima kulisikia," baba alisema. "Mimi mwenyewe sijalisikia. Kama binti yangu kamtukana Nuhu, nami nitamwambia apige magoti."

Mwenyekiti alisita, akaniomba karatasi za igizo, akavaa miwani. Alisoma kama mtu anayesoma tangazo la serikali, bila kupandisha wala kushusha sauti. Majirani na baa yao: kimya. Bwana afya na choo: mtu mmoja alikohoa, kikohozi kisicho cha ugonjwa. Alipofika kwa mfugaji, "ng'ombe wawili ni salamu, mzee," mzee mmoja wa Kisukuma aliyekaa karibu na ukuta alipiga goti lake kwa kiganja. "Kweli kabisa!" alisema kwa sauti kubwa. Ukumbi ukapasuka. Mwenyekiti alijitahidi, akauma midomo, ila alipofika kwenye mavi ya tembo ilibidi avue miwani.

Ndipo mama mwenye nyumba yangu aliposimama. Kicheko kikazimika.

"Mimi nimecheka," alisema. "Lakini mahindi yangu yamekauka. Nikicheka, yanarudi?"

Baba alimgeukia.

"Hayarudi, dada yangu," baba alisema taratibu. "Na yangu Mwazye yamekauka vilevile. Kule hakuna aliyeigiza kitu. Sasa ya kwangu nimlaumu nani?"

Mama mwenye nyumba akakaa. Mwenyekiti aliharakisha kufunga kikao: hakuna igizo lolote mpaka mvua inyeshe, watu waende nyumbani wakasali. Hakusema nina kosa, wala hakusema sina.

Tulipotoka baba alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana mpaka nikaumia. Hakuniachia mpaka tulipoipita mashine ya kusaga.

"Baba, hukucheka hata mara moja."

"Mlangoni walikuwapo vijana wenye fimbo. Walipoanza kucheka, wakaziegemea. Hapo nikajua tutatoka."

Tukatembea. Mbele kidogo akauliza, "Yule mke wa Nuhu umemtoa wapi?"

"Kwa marehemu mama."

"Nilimsikia," alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka peke yake kando ya barabara, akicheka na kulia kwa pamoja, wapita njia wakitushangaa.

Mvua ilikuja imechelewa sana, mahindi yakiwa hayasaidiki. Hakuna aliyeniomba radhi; salamu tu zilirudi, moja moja, bombani. Mama mwenye nyumba alinikuta uani asubuhi moja, akanikabidhi jembe bila maneno. Tulikwenda shambani tukang'oa mabua makavu na kupanda maharage, yeye mstari wake, mimi wangu. Mchana tulipokaa kupumzika, alinimegea kiazi chake, akaniuliza kama tembo kweli ananya sana kiasi kile.

Nikamwambia sijui, sijawahi kumwona.