Mama Aliyeambiwa Hana Zamu

Mwanangu, nakumbuka siku moja, miaka ya tisini inaelekea ukingoni, na hadi leo nikiitaja damu inanichemka. Wazee husema hasira hasara. Yangu ya siku ile siijutii.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Lumemo kwenda kufanya kazi chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja cha sukari, huku huku bondeni. Kompyuta ndiyo iliyogawa zamu za miwa kuingia kiwandani. Na miwa ya huku huchomwa moto kwanza ndipo ikatwe. Ukishachoma huna muda, ikilala shambani inachacha. Mkulima akinyimwa zamu baada ya kuchoma, basi mwaka wake umekwisha.

Maagizo ya kugawa zamu yalikaa ndani ya hifadhidata yenyewe, yaani ghala la kumbukumbu za kompyuta, tukiyaita prosija. Karani wa getini alitumia programu iliyoandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, na kazi ya programu hiyo ni kuiita prosija na kungoja jibu. Aliiandika Gideon, mwenzangu aliyenitangulia kazini, mtu wa tai na maneno laini.

Asubuhi hiyo nikamkuta Mama Zakaria mlangoni, mjane mwenye shamba la miwa njia ya Mang'ula. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida.

"Mwanangu, nilipewa zamu, nikachoma. Nilikuja juzi, naambiwa sina. Leo tena sina. Nimekosa nini?"

Gideon hakuinua hata macho. "Mama, kompyuta haisemi uongo."

Nikakaa kwenye mashine. Nikaiita prosija moja kwa moja ndani ya hifadhidata, bila kupitia Java, nikaipa kila taarifa inayotaka. Zamu ya mama ikatokea. Basi ubovu uko kwenye namna Java inavyoita. Nikafungua programu ya Gideon. Hifadhidata ikilalamika lolote, yeye kaiziba mdomo, na mahali pa kosa kaandika: HANA ZAMU.

Nikaondoa kile kizibo, nikaita tena, hifadhidata ikasema yake: prosija inataka vitu vitatu, programu inaleta viwili. Prosija ya wakulima wadogo ilikuwa imeongezewa kitu siku chache nyuma, na upande wa Java hakuna aliyegusa. Mashamba ya kiwanda yalikuwa na prosija yao, yakapita bila shida, ndiyo maana hakuna mkubwa aliyeshtuka. Wakulima wadogo wakirudishwa, nani ajali?

Nikamuuliza Gideon kwa nini alilificha kosa.

"Wakubwa hawapendi kuona makosa kwenye skrini," akasema, tena anatabasamu.

Nilimfokea, mwanangu, mbele ya meneja, na kazi nusura niikose. Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Lakini gari la kubeba miwa lilipofika kwa Mama Zakaria, miwa ilikuwa imeshachacha, kiwanda kikaikataa. Nikaenda mwenyewe kumweleza kwamba mashine ndiyo iliyokwama. Hakulia. Akasema:

"Mngeniambia mmekwama, ningekaa pale getini mpaka mkwamuke. Mliniambia sina zamu, nikatii nikarudi nyumbani."

Sasa ninyi mnaoandika programu, nawaona na "samahani, jaribu baadaye" zenu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila cha kuudhi ni kwamba anayeumbuka ni mwingine. Mwito ukigoma, mwanangu, kwanza msikilize aliyeitwa anasema nini. Mwite bila mtu wa kati, uone kama anajibu. Tazama anataka vingapi na wewe umempa vingapi, na kwa mpangilio gani. Kosa liache lionekane, hata mkubwa akikunja uso. Na kama hujui, sema hujui. Usimwandikie mtu jibu ambalo hukupewa.

Mungu akubariki, akupe kazi ya mikono na moyo wa kuwaogopa wanyonge kuliko wakubwa. Amina.