Katibu wa Misiba

Urbanus si padri, si daktari, wala si mtu wa cheo chochote. Kazi yake ni kupanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na anaishi Rexdale, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikijisikia. Lakini kwa miaka kumi na minane, karibu kila Mtanzania wa Toronto aliyefiwa nyumbani alipata habari kutoka kwake. Si kwenye simu. Kwa mdomo wake, akiwa amekaa mbele yako.

Kwetu mtu hapigiwi simu akaambiwa mama yako amefariki. Anapigiwa jirani, jirani anamwita mwingine, wanakwenda wawili watatu, wanakaa, ndipo mtu anaambiwa akiwa na mikono ya kumshika. Sasa huku jirani yako humjui jina, na yeye lako halijui. Kwa hiyo ndugu zetu nyumbani walikuwa na namba moja tu, ya Urbanus. Ikija habari, anatafuta mtu wa pili, anapanda basi, anakuja. Anavua viatu, anaomba maji ya kunywa, anauliza kama umekula. Akiona jiko linawaka anakwenda kulizima mwenyewe. Kisha anasema, “Hebu nikushikie simu yako hapa,” na ukishampa simu unakuwa umeshajua, lakini unajua ukiwa umekaa. Baba yangu alipofariki alinijia hivyo hivyo, na mpaka leo sikumbuki alitumia maneno gani. Nakumbuka alikuwa amenishika bega.

Ndiyo maana tulipounda umoja wetu wa kufa na kuzikana, hakuna aliyeshindana naye. Akawa katibu, akawa na grupu la WhatsApp la watu mia na kidogo, na sheria moja: humu ni misiba, wagonjwa na harusi. Mtu akileta tangazo la viwanja au maombi ya mnyororo, Urbanus anafuta na kumwandikia faragha kwa adabu.

Basi mwaka ule chama chetu cha siasa huko nyumbani kikafungua pazia la urais. Watia nia wakachukua fomu, na mwisho wakabaki wawili wa maana, mmoja tukimwita Daktari na mwingine Injinia. Wa kuamua walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu, huko huko nyumbani. Kati yetu hapakuwa na mjumbe hata mmoja. Wengi tulishachukua uraia wa huku na pasipoti za nyumbani tukazirudisha, kwa hiyo hata uchaguzi wenyewe haukuwa wetu. Nalisema hili mapema ili muelewe tulivyokuwa wapumbavu. Tuligombana kwa miezi mitatu juu ya kura ambazo hatukuwa nazo.

Na aliyevunja sheria wa kwanza ni katibu mwenyewe. Injinia alikuwa mtu wa kwao, na aliwahi kumpa mkono katika hafla fulani Ottawa, akamwuliza watoto hawajambo. Mkono ule Urbanus hakuusahau. Siku Injinia alipochukua fomu, Urbanus akatupia picha yake kwenye grupu la misiba na kuandika, “Jembe letu.” Nilidhani amekosea grupu. Hakukosea. Kesho yake akaweka nyingine.

Aliyemjibu ni Samson. Hawa wawili si watu wa kukutana tu. Walipofika mara ya kwanza walikodi chumba kimoja chini ya nyumba ya mtu, Samson akifanya kazi mchana na Urbanus usiku, mmoja akiamka mwenzake analala, kitanda kile kile. Baadaye Samson alioa, akaachana na mkewe, akahamia Crescent Town, huku ninakokaa mimi, jengo la pili kutoka langu. Ni fundi wa umeme, mcheshi, mdomo haufungi. Alikuwa mtu wa Daktari, kama mimi. Akatuma sauti ya dakika nne akieleza kwa nini Injinia ni mwizi, na akamalizia kwa kumwita Urbanus chawa asiye na kichwa cha kukaa.

Grupu lilicheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka, nikairudia ile sauti nikiwa kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakohudumu, nikacheka tena. Urbanus hakucheka. Usiku wa siku ya tatu aliandika: “Mtu aliyeshindwa kuongoza nyumba ya vyumba viwili leo anatuchagulia rais.”

Hapo hapakuwa na cha kuchekesha, lakini watu wa Injinia wakashusha vikatuni vya kucheka mpaka skrini ikajaa. Samson akamfungia Urbanus simu, asiweze kumpigia wala kumwandikia, ila kwenye grupu akabaki, maana huwezi kutoka kwenye grupu la misiba. Nikaandika kwamba katibu amejiuza. Mwingine akaandika kwamba sisi ni mamluki. Mzee Noordin, mzaliwa wa Tanga mwenye duka la dawa Richmond Hill, ambaye hajawahi kukosa msiba wetu hata mmoja, akauliza kwa upole, “Jamani, hili si grupu la kuzikana?” Mtu mmoja akamjibu kwamba yeye aliondoka zamani, mambo ya nchi awaachie wenye nchi. Mzee akatoka kwenye grupu. Hakuna aliyemwomba radhi. Mimi nilijiambia kwamba si mimi niliyemjibu.

Wajumbe walipiga kura Jumamosi. Huku ilikuwa asubuhi, na sisi wote tulikuwa tumeikodolea simu macho. Injinia akashinda, tena kwa mbali. Urbanus akatuma video ya watu wanacheza na kuandika, “Daktari atafute dawa.” Nilizima simu kwa hasira. Nililala na kinyongo cha kweli, kama mtu aliyeibiwa.

Jumapili saa sita mchana Urbanus akanipigia. Nikaiacha ilie. Akapiga tena, nikaiacha. Mara ya tatu nikapokea.

“Dada Abi, maneno ya jana tuyaache,” alisema. “Uko nyumbani?”

“Unataka nini, katibu?”

“Adelina amenipigia kutoka Musoma, yule mdogo wake Samson. Mama yao ametutoka alfajiri. Samson hajui. Naomba twende wote, dada. Mimi hatanifungulia.”

Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa. Nilikuwa nyumbani, nimekaa, nachambua mchele. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa Samson ni dakika tano ukitembea polepole. Nilimsikia Urbanus vizuri, nikaelewa kila neno, na kilichonijia kwanza ni ile video ya kucheza.

“Nina shifti,” nikamwambia. “Halafu si mmeshinda? Nenda na washindi wenzako.”

“Sawa, dada,” akasema.

Mambo yaliyofuata amenieleza yeye mwenyewe, mara moja tu, bila kunilaumu, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulibeba kama angelaumu. Alijaribu watu wengine wawili. Mmoja alikuwa kanisani na simu imezimwa, mwingine hakupokea. Akapanda basi la Kipling, akashika treni kutoka mwisho mmoja wa mji hadi Victoria Park, akavuka daraja la waenda kwa miguu. Saa saba na nusu alikuwa anabisha hodi mlangoni kwa Samson, ghorofa ya kumi na saba.

Samson alimchungulia kwenye tundu. “Umekuja kunicheka mpaka mlangoni?”

“Fungua, Samson. Tuongee.”

“Tuongee nini? Mmeshinda. Nenda kale pilau.”

“Si hayo ndugu yangu.”

“Ni yapi basi? Sema nakusikia.”

Urbanus alikuwa na habari mdomoni, na katikati yao palikuwa na ubao wa inchi mbili. Angeweza kuisema. Mtu mwingine angeisema. Lakini yeye alikuwa amewaambia watu wengi habari ya namna hiyo na hakuwahi kumwambia mtu asiyeweza kumshika. Akasema, “Nipe basi maji ya kunywa.”

“Kanywe ya Injinia.”

Samson ameniambia baadaye kwamba maji yale yalimtia wasiwasi. Sote tulijua maana ya Urbanus kuomba maji. Lakini Urbanus hajawahi kwenda peke yake kwenye shughuli hiyo, huwa na mtu wa pili, na Samson alipochungulia tena akaona mtu mmoja. Akajiambia, huyu anatumia misiba kunidanganya nifungue ili anicheke. Akarudi kwenye kochi.

Urbanus akakaa chini kwenye ujia, mgongo ukutani. Akanipigia. Niliiona simu inawaka, nikaigeuza kifudifudi mezani.

Saa ikapita. Wali ukaiva, nikashindwa kuula. Nilianza kumfikiria mama yake Samson, ambaye niliwahi kumsalimia kwenye video, bibi mwembamba aliyetaka kujua kama huku tunakula samaki. Roho ikaanza kunisuta. Nikapiga hesabu: Urbanus hamalizi nusu saa akishafika kwa mtu, basi sasa hivi Samson ameshaambiwa, wameshalia, wanapanga tangazo. Na nitasema ukweli wote, maana nusu yake haina faida: nilitaka niwe wa kwanza. Nilitaka watu wa Daktari tuonekane tuna utu kuliko katibu wao. Nikaandika kwenye grupu:

“Pole sana kaka Samson kwa kuondokewa na mama yetu mpendwa. Tuko pamoja nawe katika wakati huu mgumu. Mungu akutie nguvu.”

Nikaweka na mikono ya kuomba. Ndani ya dakika moja pole zikaanza kumiminika, za watu wa Daktari na za watu wa Injinia.

Kule ghorofa ya kumi na saba, Urbanus alisikia simu inalia ndani ya nyumba. Ikalia tena. Ikalia mfululizo, mlio juu ya mlio. Alitoa yake mfukoni, akaona jina langu juu na pole chini yake. Aliruka akaanza kuupiga mlango kwa viganja.

“Samson, usisome. Samson, iache hiyo simu. Weka simu chini kwanza, nifungulie. Usisome, ndugu yangu.”

Samson alikuwa ameshasoma. Urbanus anasema hakulia mara ile. Kwanza kitu kilianguka, kisha akalia kama watu wanavyolia nyumbani, kwa sauti yote, na huku hakuna ukuta uliojengwa kwa kilio cha namna ile. Jirani mmoja alifungua mlango, akamwona mtu mzima anagonga na kulia naye, akafunga. Zilipita dakika kadhaa kabla kitasa hakijazunguka.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu Urbanus alikuwa ameandika neno moja kwenye grupu, “Acheni,” na hakuna aliyeacha. Nilikimbia. Nilipofika mlango ulikuwa wazi, na wote wawili walikuwa wamekaa sakafuni hapo hapo kizingitini, Samson nusu ndani, Urbanus nusu nje. Urbanus alikuwa amemshika mkono. Simu ilikuwa bado inalia mahali fulani ndani.

Samson aliniangalia kama anayejaribu kunikumbuka. “Ungekuja wewe, Abi,” alisema, “ningefungua.”

“Alikuwa kazini,” Urbanus akasema haraka. “Nilimwomba, alikuwa kazini.”

Alikuwa anaamini. Au alikuwa ananisitiri, sijui, na sijathubutu kumwuliza. Nilitamani sana kulikubali neno lake.

“Sikuwa kazini,” nikasema. “Nilikuwa nyumbani.”

Urbanus alimwinua Samson akamwingiza ndani, na mimi nikaingia nyuma yao nikaanza kusogeza viti, kwa kuwa watu wangekuja. Walikuja. Jioni sebule ilijaa, wa Daktari na wa Injinia bega kwa bega, wakila chakula na kuongea kwa sauti ya chini, na Mzee Noordin akaja na mwanawe Amyn, maana mtu fulani alimpigia. Msiba ulikwenda vizuri. Samson alimshukuru kila mtu kwa jina, na jina langu hakulitaja.

Wiki iliyofuata Urbanus akaandika mistari miwili ya kujiuzulu. Nilikwenda Rexdale kumwomba abaki. Alinikaribisha, akanipa chai.

“Mimi ndiye niliyeisema ndoa yake iliyovunjika mbele za watu, dada Abi,” alisema. “Niliuza uaminifu wote kwa mtu aliyenipa mkono mara moja. Nani atanifungulia?”

Tuliitisha kikao kumpata katibu mwingine. Hakuna aliyejitokeza. Grupu lipo, kimya, na Injinia mwenyewe uchaguzi mkuu ulipofika alishindwa, wala sikusikia mtu akimlilia. Huko nyumbani Adelina aliwaambia watu kwamba kupitia kwetu hakufai tena, bora kupiga simu moja kwa moja, na kwa alichokipata kaka yake siwezi kusema amekosea.

Mwezi uliopita baba yao naye akafariki. Adelina alimpigia Samson mwenyewe, na simu ilimkuta kwenye treni akielekea kazini, amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, watu wamembana pande zote na hakuna hata mmoja anayemjua. Alishuka stesheni iliyofuata, akakaa kwenye benchi mpaka treni kadhaa zikapita. Halafu akapanda inayofuata akaenda kazini, kwa sababu hakuona pengine pa kwenda. Hakumwambia yeyote. Sisi tulipata habari siku ya nne.