Rudi Likitoa Maua

Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya mifugo hapa Isiolo, mama aliyekuja na lori kutoka Merti aliweka tawi la majani mezani. Mbuzi wake watatu walikuwa wamekula mmea huo wakafa, na alitaka dawa ya waliobaki. Afisa akalipiga tawi picha, akatafuta kwenye tovuti ya mimea.

"Mama, hapa wanataka maua ndio watambue mmea. Rudi likitoa maua."

"Hii inatoa maua mvua ikinyesha," mama akasema polepole. "Mvua ikinyesha nyasi iko. Mbuzi haigusi hii."

Afisa akaendelea kutazama simu. Nimezoea kuambiwa nirudi kesho. Kurudi mvua ikinyesha, hiyo ni mpya.

Kabla ya kutoka, mama aliinama akaokota kila jani lililoanguka. Nje kulikuwa na mbuzi wa watu.