Kijiji Cheupe kwenye Ramani

Ramani niliijua kwa ubaya wake kabla sijaijua kwa jina. Mwaka ule wa operesheni ya vijiji, vijana wa serikali walifika kwetu na karatasi kubwa, wakaitandaza juu ya boneti ya gari, na mmoja akachora msalaba kwa kalamu. Akasema pale ndipo nyumbani kwa mama mkwe wangu. Tulicheka. Tangu lini nyumba ya mtu ikakaa kwenye karatasi? Haikupita muda mrefu tukawa njiani na vyungu, mikeka na kuku waliofungwa miguu, na nyuma yetu paa lilikuwa limeshang'olewa ili tusipate wazo la kurudi. Migomba tuliiacha ikizaa bila mwenyewe.

Tukapangwa kwenye kijiji kipya, kati ya Kasulu na Kibondo, nyumba zikiwa kwenye mistari iliyonyooka. Watu wazima tulijifunza kuishi kama wanafunzi kwenye gwaride. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tangu siku hiyo tulishtuka tukiona mtu yeyote mwenye karatasi iliyokunjwa.

Mume wangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake aliitundika kwenye miyombo ya ng'ambo ya kijito, huko kwenye mbung'o wanaouma mtu mpaka ndani ya shati. Alirudi kutoka huko na homa. Mimi nikadhani ni malaria, maana huko kwetu homa zote huanza na jina hilo. Lakini homa iliondoka na kurudi, kichwa kikawa kinamuuma mpaka anakifunga kwa kitambaa, kisha akaanza kusinzia. Alisinzia mchana, jua likiwa utosini, akiwa na tonge mkononi. Nilimwamsha, akanitazama kama ananitafuta kwenye kumbukumbu zake. Mtu huyo alikuwa mpole, hata nyuki alikuwa anawaomba radhi. Siku moja alinyanyua chungu cha maharage kikiwa motoni akakipiga ukutani, kwa sababu nilimuuliza kama ameshiba. Watu husema waliwahi kumwogopea mgonjwa wao. Mimi nilimwogopea mgonjwa wangu, nikamwogopa na yeye mwenyewe.

Ugonjwa tuliujua. Malale si mgeni katika nchi yetu, wazee wetu walishahamishwa kwa ajili yake zamani za wakoloni. Kilichokuwa kigeni ni pini.

Habari ya pini ililetwa na wanawake waliokwenda mnadani. Walisema kuna gari la afya linalozunguka vijijini, na ndani yake kuna ubao, na juu ya ubao ramani. Kila anayekutwa na malale, bwana afya anachukua pini yenye kichwa chekundu anaichoma kwenye ramani. Hapo maneno yakagawanyika. Wengine walisema palipochomwa pini patahamishwa, kama palivyohamishwa pale penye msalaba. Wengine walisema mtu hachomwi pini kwenye karatasi akabaki salama, na kwamba anayechomwa hunyauka polepole. Mimi niliamini yote mawili. Mwoga hachagui.

Basi likapita neno, nyumba hadi nyumba, kwa mdomo wa balozi wa nyumba kumi: gari likifika, hapa hatuna mgonjwa. Na kweli, ghafla hatukuwa na mgonjwa. Ukiulizia mwanamume ambaye hajaonekana shambani, unaambiwa amekwenda Kibondo kusalimia ndugu. Wanaume waliokwenda Kibondo msimu ule walikuwa wengi hata nikajiuliza Kibondo wanalala wapi. Na mke wa kila msafiri alikuwa anapika uji mwepesi, uji wa mgonjwa, na sote tulikuwa tunausikia ukinukia.

Mume wangu naye alisafiri. Mama yake alimlaza chumba cha ndani, akatundika mkeka mlangoni.

"Mama," nilimwambia, "tumpeleke hospitali. Anakwisha."

"Nimeng'olewa nyumba kwa ajili ya karatasi," alinijibu, na hakupandisha sauti. "Sasa wanaleta nyingine. Wakimchoma mwanangu pini, nitaing'oa kwa meno yangu."

Sikumbishia. Alikuwa mama wa mtu, mimi nilikuwa mke tu, na nilikuwa nikiishi kwenye nyumba ambayo aliijenga kwa mikono yake mara ya pili. Usiku na mchana nilisikiliza pumzi nyuma ya mkeka. Ikikatika kidogo, niliinua pembe ya mkeka nikachungulia.

Sasa, wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya watu wazima. Tulisomea kwenye darasa la shule ya kijiji baada ya kazi za shamba, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu alikuwa amebandika ukutani karatasi ya mavuno ya kijiji. Kwa kuwa wengi wetu tarakimu zilitupiga chenga, alichora mahindi. Mwaka mmoja mahindi mengi yamepangwa safu ndefu, mwaka mwingine safu fupi. Hata asiyejua kusoma alitazama akasema, hapa tulishiba, hapa tuliumia. Niliipenda ile karatasi. Lakini kulikuwa na mwaka mmoja mtupu, hauna hata hindi moja, na nilimuuliza mwalimu kama mwaka ule hatukuvuna kabisa.

"Mlivuna," alisema. "Ndio mwaka wa kuhama. Hakuna aliyepima."

Jibu lile nililisahau mpaka gari la afya lilipofika.

Lilikuja asubuhi, tukaitwa wote darasani. Bwana afya alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kikohozi, akatusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," na watu wakaitikia shingo upande. Ubao wake aliuegemeza ukutani, chini ya mahindi ya mwalimu. Sikuwa nimewahi kuiona ile ramani. Nilitazama kwa jicho la pembeni, kama mtu anavyotazama maiti. Niliona mstari wa buluu, akasema ndio kijito chetu. Pini nyekundu zilikuwa zimejaa upande wa juu wa kijito, na zimejaa upande wa chini. Katikati, karatasi ilikuwa nyeupe.

"Hapa ndipo mlipo," alisema, akagusa peupe. "Niambieni, kuna anayeumwa?"

"Hatuna," mwenyekiti alijibu.

"Hatuna," darasa zima likaitikia, na mama mkwe wangu sauti yake niliisikia juu ya wengine.

"Basi nyinyi mna bahati. Dawa na watu wangu ni wachache, nawapeleka penye pini. Kesho tunaelekea Nyabibuye."

Watu walishusha pumzi. Kuna aliyetaka kupiga makofi. Mimi macho yangu yalikuwa yamepanda kwenye karatasi ya mwalimu, kwenye ule mwaka usio na hindi, kisha yakashuka kwenye kijiji chetu kisicho na pini, na nikaelewa. Kijito ni kimoja, mbung'o ni wale wale, huwezi kuwa na wagonjwa juu na chini halafu katikati pakose. Peupe pale hapakuwa pa uzima. Palikuwa pa watu ambao hakuna aliyewahesabu, na kesho gari lingeondoka na dawa yake, tukabaki weupe hivyo hivyo mpaka tuishe.

Niliogopa kusimama. Nasema wazi, sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa lile darasa: majirani niliochota nao maji, mama mkwe, mwenyekiti. Nilisimama kwa sababu nilimwona yule bwana ameanza kufunga kamba ya ubao.

"Mmoja yupo," nilisema. "Yuko kwangu. Ni mume wangu, mrina asali."

Darasa zima liligeuza shingo kunitazama. Bwana afya aliacha kamba, akatoa pini kwenye kopo la sigara. Sikutegemea alichoniuliza. Hakuuliza nyumba yangu ni ya mstari wa ngapi, aliuliza mume wangu anatundika wapi mizinga yake.

Nilimwonyesha kwa kidole, pale kijito kinapopinda. Akaichoma pale, penye mbung'o, si penye nyumba. Mlio wake ulikuwa mdogo sana. Mama mkwe wangu alifunika uso kwa kanga akatoka nje.

Walimpeleka mume wangu Kasulu siku ile ile, mimi nikiwa nimekishika kichwa chake ndani ya gari. Hospitalini walimchoma sindano ya mgongo, wakamwekea dawa ambayo ilimuunguza mishipa mpaka akawa anamwita mama yake. Daktari hakunificha. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani. Nilikaa chini ya kitanda chake, nikilala hapo hapo, nikisikiliza pumzi kama nilivyozoea, mpaka ilipokatika na haikurudi tena. Nililia mpaka wagonjwa wengine wakanionea huruma.

Nyumbani nilirudi nikitegemea kufukuzwa. Nilikuta hema la wauguzi uwanjani mwa shule. Safari ya Nyabibuye ilikuwa imesogezwa mbele. Wale waliokwenda Kibondo kusalimia walikuwa wamerudi wote, wamekaa kwenye foleni, wanasubiri kutobolewa kidole.

Mama mkwe hakusema nami wakati wote wa matanga. Yalipokwisha, asubuhi moja alijifunga kanga yake nzuri, akaniambia nimpeleke darasani. Nilitembea nyuma yake nikiwa tayari kumshika mkono, kwa sababu nilikumbuka kiapo chake cha meno.

Ramani bado ilikuwa ukutani. Kijiji chetu hakikuwa cheupe tena. Palikuwa pekundu, pini zimebanana kama mbegu kwenye chungu cha mpandaji.

"Yangu ni ipi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Akaweka ncha ya kidole juu ya kichwa cha ile pini, akakiacha hapo.

"Alikuwa wa kwanza?"

"Ndiyo, mama. Alikuwa peke yake."

"Na hawa waliomzunguka?"

"Wako kwenye dawa. Wengi wanapona."

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa sindano. Mkono wa mama mkwe ulipanda na kushuka juu ya pini, na sikujua kama anaishika au anaing'oa.

"Basi waambie," alisema, "wakikunja karatasi yao, huyu asing'olewe."